Mkate wa Jumapili ya Kwanza

Nyumbani,
11 Februari

Kaka Askofu,

Shikamoo. Natumaini hicho chuo chako cha uchungaji hakijakunyang'anya masikio pamoja na simu. Baba anasema kuwakalisha wanafunzi mwaka mzima bila simu ni busara kubwa. Mama anasema ni ukatili. Mimi nasema afadhali, maana kwenye simu ningesema "niko salama" nikakata, na unanijua. Kwenye karatasi nina mdomo. Baba bado ananiita Redio, na bado anacheka peke yake kila akiniita, kwa kuwa hajawahi kuisikia ikitangaza.

Nimepata kazi. Matokeo ya mtihani hayajatoka, na Baba kasema kutazama ukuta hakutayaharakisha. Basi niko kwa Mama Mapambo, yule anayepamba kumbi za harusi. Kaka, sijawahi kuona uongo mwingi ukipangwa kwa ustadi namna hii. Viti vya ukumbini vimeota kutu, vingine vimefungwa waya. Tunavivika nguo nyeupe hadi miguuni na kuvifunga utepe kiunoni, vinakaa kama mabibi harusi mia mbili wasio na vichwa. Maua ni ya plastiki. Kila Jumatatu nayaosha kwa sabuni ya kufulia na kuyaanika kwenye kamba.

Keki ndiyo kiboko. Ghorofa sita! Zote ni lile povu gumu jeupe linalofungia televisheni mpya, limepakwa sukari juu. Ghorofa ya chini ina tundu, na ndani ya tundu tunaingiza kipande cha keki ya kweli, kinachotosha kisu kimoja na midomo miwili. Pale penye tundu tunachomeka ua la buluu ili maharusi wajue pa kukata. Kulichomeka hilo ua ndiyo kazi yangu. Jumamosi watu walipiga vigelegele hadi wakapaliwa, wakishangilia kifungashio cha televisheni. Mchungaji wao aliinyooshea mkono akaibariki.

"Harusi ni macho, binti," Mama Mapambo ananiambia. "Tumbo linasahau kesho asubuhi. Picha haisahau." Hana haya hata kidogo. Kidogo nampenda kwa hilo, maana wengine wote wana haya na bado wanafanya.

Sasa la nyumbani. Mama bado anaoka mkate wa Meza ya Bwana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na bado haruhusiwi kuula, kwa kuwa yeye na Baba hawajafunga ndoa kanisani. Umoja wa wanawake walimpa kazi hiyo kwa sababu mkono wake ni mzuri. Mikono yake, kumbe, ni misafi ya kukanda; kinywa chake ndicho hakifai kula. Na yeye anavyolishika jambo! Halambi hata kidole. Makombo yanayobaki kwenye sinia anayafunga kitambaani na kuyarudisha kanisani, kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake. Sinia zikianza kupita, anainuka kwenye benchi la mwisho, anasema anakwenda kuwaangalia watoto nje. Nami natoka naye. Tangu nipate kipaimara sijaugusa mkate huo. Nilijiambia nitakula siku Mama atakapokula. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Mchungaji amesema tena, kwa upole kabisa: waje Alhamisi yoyote, na mashahidi wawili, awafungishe. Bila ada, bila kelele. Baba hataki. Anataka ukumbi. Anataka keki! Tangu kabla hujazaliwa anangoja apate uwezo wa harusi "ya heshima", na wakati huo wote Mama yuko nje anawapangusa makamasi watoto wa watu.

Mwandikie, Kaka. Wewe anakusikiliza. Mimi nikisimama mbele yake ulimi unageuka jiwe.

Mdogo wako,
Redio


Chuoni,
22 Februari

Dada mpendwa katika Bwana,

Neema na amani. Barua yako ilinifikia nikitoka kwenye maombi ya asubuhi, na nikiri kwamba ilinisikitisha. Si kwa habari zake tu, bali kwa furaha uliyonayo unapozisimulia. Unacheka ndani ya nyumba inayoungua.

Kizazi hiki kimeoza, Redio. Watu wamefanya upendo kuwa maonyesho na kanisa kuwa mandhari ya picha. Bibi harusi anajua rangi ya utepe na hajui zaburi moja. Bwana harusi anakodi gari ambalo kesho yake atalipisha njia akiwa kwa miguu. Sisi tumeitwa tuwe chumvi. Na wewe umechagua nini? Umekwenda kuwa sukari juu ya povu! Acha kazi hiyo. Mtu hawezi kuchomeka maua kwenye uongo akarudi na vidole visafi.

Kuhusu Baba na Mama, niachie mimi. Nitamwandikia Baba mwenyewe. Jambo hili linataka hekima, halitaki pupa ya msichana aliyevua sare ya shule juzi.

Hapa ninaendelea vyema. Mkuu wa chuo amekuwa akinialika chakula cha Jumapili nyumbani kwake. Ni nyumba ya watu wa Mungu kwelikweli. Zulia lao linameza kiatu. Binti yao anapiga kinanda kanisani na ni mtu wa maombi sana.

Jambo dogo. Nitumie picha ya ukumbi mmoja mliopamba, ule uliopendeza kuliko yote. Usiwe na maharusi ndani, wala bango lenye majina au tarehe. Naandaa somo kuhusu ubatili wa dunia na ningependa wasikilizaji wauone kwa macho.

Ndugu yako katika Kristo,
mwanafunzi wa theolojia


Nyumbani,
4 Machi

Kaka,

Hivi umesahau jina nililokupa siku ulipokuwa unawahubiria kuku, au "mwanafunzi wa theolojia" ndiyo jina la nyumbani sasa? Mama aliponisikia nikisoma hapo mwisho aliuliza, "Amesaini nani?"

Kazi sijaacha. Nikiacha, maua yataoshwa na mwingine, na uongo utabaki palepale ila na vumbi.

Picha hii hapa. Ni ukumbi wa Januari, ule wa vitambaa vyeupe vinavyoshuka kutoka darini kama maziwa yamemwagika. Bango nimelikata kwa mkasi kama ulivyoagiza. Kwa ubatili hutapata mfano bora: nyuma ya kitambaa kile cha katikati kuna ndoo, maana paa linavuja.

Baba alipata barua yako. Aliisoma amesimama karakanani, misumari ya makochi bado iko mdomoni, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Mama alimuuliza, "Anasemaje?"

"Anasalimu."

"Kurasa zote zile ni salamu?"

"Ni msomi, mke wangu. Msomi akikohoa ni ukurasa."

Tangu hapo anapiga mluzi. Nilidhani umemshinda, kwa hiyo nikajikaza. Nilimpelekea chai nikasema, "Baba, Alhamisi..." Nikafika hapo tu.

Alinielewa. Alisema, "Redio, mimi siwezi kumwoa mama yako kama mtu anayekwenda kulipia maji. Foleni, sahihi, kwaheri." Kisha akaanza kunieleza habari za meza kuu itakavyokaa, na keki itakavyokuwa na ghorofa ngapi. Alizionyesha kwa mkono, moja juu ya nyingine, hadi akasimama kwa vidole vya miguu. Mtu mzima mwenye mvi! Watu wote tunakaa kwenye kochi ambalo springi yake inamng'ata mgeni, nyumbani kwa fundi makochi, na yeye anahesabu ghorofa za keki. Nilirudi jikoni nikiwaza kwamba Baba anaipenda ile keki kuliko anavyompenda mke.

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Mke wa mzee wa kanisa alimshika Mama mikono mlangoni mbele za watu, kapaka rangi kucha zote kumi. "Mama, mkate wako! Huu mkono una upako!" Mama akasema asante. Sinia zikaanza kupita, Mama akainuka, tukatoka. Nje mtoto wa huyo mama wa kucha alikuwa amekalia matope. Mama alimwosha.

Ulimwandikia nini Baba?

Redio


Nyumbani kwa Mkuu wa Chuo,
24 Machi

Mpendwa dada Redio,

Natumaini hutakasirika mtu usiyemjua kukuita hivyo. Ndivyo kaka yako anavyokutaja, kwa upendo mwingi. Mimi ni binti wa mkuu wa chuo anakosoma. Nilimwomba anwani yako mara nyingi, akawa anasahau, mwishowe nikaisoma nyuma ya bahasha yako. Unisamehe.

Nakuandikia kwa jambo la kike. Kaka yako alituonyesha picha ya ukumbi ambamo wazazi wenu walifanyia harusi. Kwa kweli wote mezani tuliweka vijiko chini! Mama yangu alisema hata siku hizi hajaona vitambaa vinavyoshuka vizuri hivyo. Baba alivaa miwani akasema hakujua kwamba picha za zamani zilikuwa na rangi kali namna ile, na kwamba ukumbi ule ulikuwa umetangulia wakati, maana aliona feni za darini kama zetu. Tulicheka.

Tukijaliwa, kaka yako na mimi, ningependa vitambaa kama hivyo. Je, mama yenu anakumbuka ni vya aina gani, na nani aliwapambia? Kaka yako anasema mama ndiye anayeandaa Meza ya Bwana katika kanisa lenu. Natamani sana kukutana naye. Mimi sikulelewa kuwa jasiri, huwa naogopa watu, lakini nina hakika yeye sitamwogopa.

Wako,
Mpiga Kinanda


Nyumbani,
12 Aprili

Kaka,

Nimepata barua kutoka kwa binti wa mkuu wa chuo. Kaa na hilo kwanza, nitalirudia. Nianze na keki, kwa kuwa Baba alikuwepo.

Jana tulipamba harusi ya mtoto wa mteja wake, yule aliyemtengenezea makochi ya ngozi. Baba alialikwa, Mama akakataa kwenda. Alisema ana unga wa kuchekecha. Dakika za mwisho mpiga picha akataka meza ya keki igeuzwe kwa ajili ya mwanga. Tukaigeuza. Ua la buluu likawa limetazama ukuta. Mama Mapambo akanipigia kelele toka mlangoni, "Ua, binti, ua!" Mimi nikitupiwa sauti mbele za watu akili inaruka dirishani. Nikalichomoa ua, nikalihamishia mbele. Ua likahama. Tundu halikuhama.

Maharusi wakashika kisu wote wawili, wakatabasamia kamera, wakakandamiza palepale kwenye ua. Kisu kikatoa mlio kama panya aliyekanyagwa, kikagoma. Bwana harusi akasukuma. Kisu kikazama hadi mpini, hakitoki tena. Msema chochote wa sherehe akashika kipaza sauti: "Jamani, keki imekataa kuachana na wazazi wake!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mimi nikawa nimeganda nyuma ya spika. Mtu fulani alipaswa kupita mbele ya watu wote wale kuigeuza ile keki, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sijui nilifikaje. Najua tu kwamba nilipofika, Baba alikuwa amekwisha inuka kwenye meza yake na kufika pia, na koti lake la mazishi. "Shika huko, mwanangu, nishike huku," alisema. Alijitanua miguu kama anayeinua kochi la watu watatu. Kisha tukainua.

Ilipaa. Kaka, alikuwa amejiandaa kwa mzigo, na ghorofa sita zikaruka juu kama mto wa kulalia, nusura zimpige kidevu. Aliniangalia. "Ni nyepesi," akasema.

"Ni povu, Baba."

"Yote?"

"Isipokuwa kipande cha huku nyuma."

Tukaigeuza, wakakata, wakalishana, wakapigiwa makofi.

Tuliporudi kwa miguu aliniuliza, "Zote ziko hivyo?"

"Zote tunazopamba sisi."

"Hata ile ya mkubwa wa benki?"

"Ile ilikuwa ghorofa saba za povu."

Akacheka hadi akakaa kwenye ukuta wa watu. Kisha kicheko kikaisha na hakuinuka. "Mama yako yuko nje ya kanisa miaka yote hii," alisema. "Nasubiri povu." Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipomchukua Mama hakuwa na kitu, na wajomba walisema mbele za watu kwamba amembeba dada yao kama mtu anayeokota mwavuli uliosahauliwa mlangoni. "Nilitaka watu wamtazame akiwa mbele," alisema. "Siku moja tu. Kila mtu amegeuza kiti anamtazama yeye." Basi kuhusu Baba nilikosea, nusu. Nusu nyingine bado namshikilia.

Halafu akasema, "Na kaka yako naye aliniambia nisubiri. Kaandika kwamba akivaa kola ya uchungaji ataifungisha ndoa yetu mwenyewe, ukumbini, kwa heshima ya familia. Nikajua basi niko sawa, kama hata msomi wa Mungu anaona hivyo."

Hiyo ndiyo hekima uliyosema nikuachie.

Sasa barua ya yule dada. Anauliza vitambaa vya harusi ya wazazi wetu ni vya aina gani. Picha wameiona mezani, baba yake akavaa miwani, akasifu feni za darini. Kumbe ubatili wa dunia wasikilizaji waliuona kwa macho kweli! Umemchukua Mama ukamwozesha kwa picha, ukamkalisha kwenye ukumbi wenye ndoo, kisha ukamwandikia Baba asimwoe kwa kweli ili picha yako isiharibike. Mimi nachomeka ua kwenye povu na kila mtu jikoni anajua ni povu. Wewe umekula chakula cha watu ukiwalisha povu, na kabla ya kula mkaomba.

Baba amekwenda kwa mchungaji. Ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu. Jumapili inayofuata ni ya kwanza. Mama ataoka, na Mama atakula.

Redio


Chuoni,
19 Aprili

Redio mdogo wangu,

Ninaandika haraka, tafadhali isome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Hukuwepo mezani pale. Watu wale wanauliza kwa upole, na upole wao ndio unaoua. Mkuu aliniuliza, "Wazazi wako walifunga ndoa kanisa gani?" Alivyouliza, ni kama anayeuliza unatumia sukari. Nilijibu kabla sijafikiri, na jibu likazaa. Mara walitaka kujua kwaya gani iliimba. Mara kama zipo picha. Ningefanya nini? Ningesema mama yangu huinuka sinia zikipita? Mbele ya mtu atakayeweka sahihi kwenye cheti changu? Mbele ya huyo binti yake?

Sisemi uongo ni mwema. Nasema ukweli una majira yake. Nitamweleza mwenyewe, nikishahitimu.

Ninachokuomba ni kidogo. Ifanyike kimyakimya, pasiwe na tangazo wala picha. Au mwambie Baba isogezwe hadi Agosti. Mama amengoja miaka yote hii, miezi michache ni kitu gani kwake? Yeye si mtu wa makuu. Unamjua, hajali.

Nami siwezi kuja, nina mtihani juma hilo.

Usimjibu yule dada. Nakusihi kama ndugu.

Askofu


Nyumbani,
22 Aprili

Dada Mpiga Kinanda,

Hujanikasirisha. Mimi pia naogopa watu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoweza, bila kuzunguka.

Ukumbi ule wa kwenye picha tuliupamba Januari mwaka huu, kwa harusi ya watu wasiotuhusu. Vitambaa ni vya kukodi na mwenye navyo ni Mama Mapambo, bosi wangu, ukivitaka yupo. Feni baba yako aliziona vizuri.

Wazazi wangu watafunga ndoa Alhamisi ya juma lijalo, saa nne asubuhi, katika kanisa letu. Hakutakuwa na kitambaa. Mama hana habari kwamba alikwisha olewa kwenye picha na sitamwambia. Ulisema unatamani kukutana naye. Karibu. Mambo mengine muulize kaka yangu. Anajieleza vizuri kuliko mimi.

Redio


Nyumbani,
3 Mei, Jumapili

Kaka,

Natumaini mtihani wako ulikwenda vizuri. Yule dada alikuja. Alishuka kwenye basi la Alhamisi asubuhi akiwa na kikapu cha matunda na macho yaliyovimba, akasema, "Kaka yako amebaki, ana mtihani." Nikamwambia ni kweli, mtihani anao. Tukatazamana, halafu hatukusema kitu tena kukuhusu. Mama alimpenda mara moja kwa sababu hakujua pa kuweka mikono, akampa mbaazi amenye.

Shahidi mmoja alikuwa mtunza kanisa, wa pili Mama Mapambo. Usiudhike. Mama Mapambo alikuja mikono mitupu kama alivyoahidi, akatazama madhabahu pande zote kama daktari anayemtazama mgonjwa, akajizuia, nikaona anavyoumia. Mchungaji alipomuuliza Baba kama anamkubali mwanamke huyu, Baba alijibu kabla swali halijaisha. Mchungaji alipomuuliza Mama, Mama alimwangalia Baba kuanzia viatu hadi mvi. "Sasa hivi unauliza?" akasema. Mchungaji akasema anahitaji ndiyo au hapana. "Ndiyo, basi."

Baba alikuwa amegeuza viti. Alifika kabla yetu, akavitoa viti vinne vya mbele na kuvielekeza kwenye njia ya katikati, ili sisi wachache tuliokuwepo tumtazame Mama akija. Mama alitembea kutoka kwenye benchi lake la mwisho hadi mbele. Alikuwa na gauni la kijani lile la siku zote. Tulimtazama, Kaka. Wewe uliniandikia kwamba yeye hajali. Ungemwona alivyotembea.

Jana alioka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Hata jana hakulamba kidole. Nilimwambia, "Mama, sasa unaruhusiwa." Akasema, "Kesho. Pamoja na wenzangu."

Leo sinia zikaanza kupita. Kwa mazoea mguu wake ukatoka kwenda mlangoni. Baba akamshika kwa kanga, taratibu, naye Mama akakaa. Mke wa mzee wa kanisa aligeuka kututazama, na kucha zake, na akatabasamu kwa namna ya mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake. Sinia ikafika. Mama akachukua kipande, mimi nikachukua cha kwangu. Alifumba macho. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole, uso ukabadilika, nikadhani analia.

Akaniinamia sikioni. "Hauna chumvi," akasema.

Nilionja. Kaka, hauna chumvi hata punje! Ni kama kutafuna karatasi ya kufungia maandazi.

Tulipotoka alimkabili mke wa mzee wa kanisa, yeye Mama, ambaye hajawahi kumkabili mtu. "Mmekuwa mkila hivi miaka yote?" Yule akababaika. Alisema alidhani ndivyo mkate mtakatifu unavyotakiwa kuwa. Mama akasema yule aliyemfundisha alimtajia unga, hamira, maji na mafuta. Chumvi hakuitaja, naye akadhani ni utaratibu wa kanisa, akanyamaza. Tukamuuliza mchungaji. Mchungaji akasema, kwa aibu, kwamba alidhani ni utaratibu wa umoja wa wanawake. Mzee wa kanisa alisema yeye siku zote aliuchukulia kama sehemu ya toba. Kanisa zima! Wanafumba macho, wanainua mikono, wanasifu upako, na katika watakatifu wote wale hakupatikana mmoja wa kumwendea mwoka mkate akamwambia, mama, chumvi. Walimwona kila mwezi akitoka nje na hakuna aliyewaza kwamba hajui alichowalisha.

Baba alicheka hadi akashika nguzo. Mama pia alicheka, mwishowe. Mpiga Kinanda alicheka hadi akalia, kisha akalia tu, na Mama akamshika.

Ameondoka na basi la saa nane. Hakuniambia atafanya nini na mimi sikumuuliza.

Mimi nina swali moja kwako, na usinijibu kwa kurasa. Mkate ule umeula kila Jumapili ya kwanza tangu upate kipaimara hadi ulipokwenda kusomea kola. Nyumbani ulikuwa ukisukuma sahani ikikosa chumvi. Hata wali wangu uliusukuma. Halafu ukaniandikia kwamba tumeitwa tuwe chumvi. Ulijua?

Mama anakusalimu. Hajui lolote kuhusu picha. Anasema Jumapili ya kwanza ya Juni atautia chumvi, na kwamba ukimaliza huo mtihani uje uonje.

Redio